Alama za ubora hospitalini Lubumbashi: zinapima nini hasa?

Zamu_ya_Usiku (mwanzilishi wa uzi)

Jambo yenu wote. Mimi ni mkunga kwenye maternite ya hospitali moja hapa Lubumbashi. Sitaitaja, na naomba asiwepo wa kuibahatisha.

Kila robo ya mwaka tunapata wakaguzi na gridi yao ya ubora. Wanapita chumba kwa chumba wakiweka alama: bei zimebandikwa ukutani? Pipa la taka lina kifuniko? Sabuni ipo kwenye lavabo? Rejista imejazwa hadi safu ya mwisho? Jioni wanajumlisha, inatoka asilimia, na ile asilimia njo inaamua primu yetu, bonasi ya juu ya mshahara, itakuwa nene au nyembamba. Wiki hiyo sabuni inatoka depo bila mtu kuiomba. Sina ugomvi na wakaguzi, pipa lisilo na kifuniko ni jambo baya kweli. Shida yangu ni kwamba alama zetu zinapanda, tunapigiana makofi, na akina mama wanaolala pale hawajahisi mabadiliko yoyote.

Chukueni partogramu. Wasioijua: ni karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama, iliyobuniwa na Philpott na Castle mwaka 1972 huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ili mkunga aliye mbali na daktari ajue mapema mama yupi apelekwe mbele. Ina mstari wa tahadhari, na umbali wa saa nne upande wake wa kulia kuna mstari wa kuchukua hatua. Mlango wa uzazi ukichelewa kufunguka unaona nukta zinavuka mistari, unaamka, unaita.

Sasa fungua mafaili ya mwezi uliopita, popote ulipo. Wino mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Mwandiko mmoja, haukutetemeka hata mara moja. Nukta zinapanda sentimita moja kwa saa, zimelala juu ya mstari wa tahadhari kama zimepigwa kwa rula. Mapigo ya moyo wa mtoto: 140, 140, 140, 140. Hakuna mwanamke anayezaa hivyo. Karatasi ile ilijazwa saa kumi na moja alfajiri, mtoto ameshaanza kunyonya. Mkaguzi anaangalia: ipo, ina tarehe, ina sahihi, alama kamili. Na mwenzangu aliyeijaza si mtu mbaya. Alikuwa peke yake na akina mama watano, glavu zina damu, nani ashike kalamu kila nusu saa? Gridi haiulizi hilo.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, akina mama zaidi ya 200,000. Badala ya kukadiria damu kwa macho, mkunga alitandika chini ya mama plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya kipimo. Damu ikifika mililita 500, au 300 huku presha au mapigo ya mama hayaendi vizuri, hangojei ruhusa: anasugua tumbo la uzazi, anatoa oksitosini ya kukaza tumbo la uzazi, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja, serumu ya mshipani, anakagua damu inatoka wapi, na isipokoma anaita mkubwa. Vyote kwa mkupuo, bila kujaribu kimoja na kungoja. Ukiweka pamoja kuvuja kwa hatari, upasuaji wa kusimamisha damu na vifo vyake, vilipungua kwa asilimia 60. Kule walikoendelea na macho, karibu nusu ya waliokuwa wanavuja hawakutambuliwa. Penye plastiki walitambuliwa 93 kwa 100.

Sisi kipimo chetu ni kikwembe. Tunaangalia kilivyolowa, mmoja anasema "ni ya kawaida hii", mwingine anasema "hapana, ni mingi". Kikwembe cha rangi nzito kinaficha, na damu nyingine imeshaingia godoroni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulihesabu vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini kwetu, na kuvuja damu ni kati ya sababu za mbele kabisa. Halafu katika gridi nzima hakuna mahali panapouliza: mlipima damu ya mama huyu kwa nini?

Swali langu: mngepewa ruhusa ya kupima vitu viwili tu hospitalini, mngechagua vipi? Mimi nimechagua damu, na dakika zinazopita toka mama anavuka mlango hadi mkono wa kwanza unaomgusa.

---

Kitabu_Wazi

Nafuata.

---

Mutoto_wa_Katuba

Yaya, aksanti kwa hii uzi. Miye ni muntu wa inje, bya gridi sibijue. Shi bantu ba kawaida tunapima lopitali na bintu mbili tu. Unafika: banakuangalia, ao banakuuliza kwanza franga? Unapona: banakuachilia, ao banakufunga? Dada yangu alizala na operasyo. Mutoto muzima, ye muzima, docta alitumika muzuri sana, siwezi kusema mubaya. Kisha faktire, bili ya lopitali, ikapita franga yenye tulikuwa nayo. Bakamubakisha. Kitanda bakapatia mwengine, ye analala chini mu kuluwari, pa kupita bantu, na mutoto, shi tunaleta bukari kila siku na kulipa kidogo kidogo. Kwa gridi yenu ile ni alama ngapi?

---

Zamu_ya_Usiku

@Mutoto_wa_Katuba pole sana kwa dada. Kwa gridi yetu dada yako amehesabiwa vizuri: upasuaji umefanikiwa, mama hai, mtoto hai. Alama kamili.

---

Kitabu_Wazi

Na dada huyo hayuko peke yake. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walizunguka hospitali na kliniki zaidi ya 20 hapa hapa Lubumbashi. Zote isipokuwa moja zilikuwa na kawaida ya kuzuia wagonjwa wasiomaliza kulipa. Hili halijifichi, kila mtu mjini analijua, hata mwenye kuuza mandazi getini atakwambia nani kazuiwa toka lini. Lakini tafuta ripoti ya ubora yenye safu yake.

Wamarekani walipoandika mwaka 2001 maana ya huduma bora waliweka mambo sita: iwe salama, ifanye kazi, imweke mgonjwa mbele, ifike kwa wakati, isipoteze mali, isibague. Mkimpima dada yake huyu kwa hayo sita, hospitali ilifaulu mangapi?

---

Docta_wa_Rufaa

Naingia kwa sababu naona uzi unaelekea mahali ninapopajua: mtu atakuja kusema tupime vifo tu, hospitali yenye vifo vingi ndiyo mbaya, tumalize.

Wakubwa, msifanye hivyo. Mama anaanza kuvuja Kipushi, anapitia kituo cha kwanza hakina damu, cha pili daktari hayupo, anafika kwetu saa tisa usiku nyuma ya pikipiki, hana presha. Akifa, kifo kinaandikwa kwetu. Kliniki iliyomtoa mbio ina vifo sifuri na bango zuri barabarani. Ukizipanga hospitali za mji kwa vifo, za rufaa zote zitakuwa mkiani, na kesho yake zitajifunza kukataa wagonjwa walio mahututi ili zipande.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Mwaka 1863 Florence Nightingale, yule yule muuguzi tunayemsoma shuleni, alichapisha jedwali la hospitali 24 za London lililoonyesha vifo zaidi ya 90 kwa 100. Ilikuwaje? Vifo vya mwaka mzima viligawanywa kwa wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja. Madaktari wa London waliwaka moto, na kwa hilo walikuwa na haki. Mnacheka, lakini mimi nimekaa kwenye vikao ambapo kiwango cha vifo kinasomwa na hakuna anayeuliza "tumegawanya kwa nini?"

Donabedian, daktari aliyechambua ubora wa huduma, aliyaweka wazi tangu 1966. Unaweza kutazama kilichopo (majengo, vifaa, watu), kinachotendwa kwa mgonjwa, na matokeo yake. Gridi za kwetu zimekwama kwenye la kwanza kwa sababu pipa halikimbii, mkaguzi analikuta. La tatu lina mitego niliyosema. La katikati ndilo gumu kuliona na ndilo lenye faida, na mambo mawili ya @Zamu_ya_Usiku yako hapo hapo. Namuunga mkono.

---

Mhakiki_Mstaafu

Nimesoma kwa subira, sasa niwatetee kidogo waliobeba hizo gridi, maana nilikuwa mmoja wao.

Kabla ya FBP, yaani kulipa vituo kwa kufuata utendaji, hospitali ya zone ya afya ilikuwa inaweza kukaa mwaka mzima bila mtu yeyote kuingia kuuliza kitu. Rejista zilikuwa madaftari ya shule yaliyoliwa na panya. Tulipoanza, tulikuwa tunachagua majina kwenye rejista, tunawatuma watu wa mashirika ya mtaa wakayatafute nyumbani: mama fulani yupo? Alizalia kweli pale? Alilipa kiasi gani? Alipokelewaje? Na kuna majina ambayo hayakupatikana duniani, hata mtaa wenyewe haukuwepo. Kwa hiyo mnapotucheka na mapipa yetu, mkumbuke tulikotoka.

Na malipo ya kufuata utendaji yamewahi kufanya kazi. Jirani zetu Rwanda waliyapima vizuri, matokeo yalichapishwa 2011, vituo 166: akina mama wanaozalia kituoni waliongezeka kwa asilimia 23 ukilinganisha na vituo vilivyopewa pesa sawa bila masharti.

---

Kitabu_Wazi

Mzee, heshima yako, lakini huo utafiti wa Rwanda umalizie. Kwenye kuhudhuria kliniki ya wajawazito mara nne, pesa hazikubadilisha kitu. Zilivuta pale ambapo muuguzi mwenyewe anaweza kuvuta.

Na hatuna haja ya kuvuka mpaka. Jaribio kubwa lilifanywa Haut-Katanga, kwetu hapa, wakati ingali wilaya ya Katanga ya zamani. Watafiti Elise Huillery na Juliette Seban ndio waliolifuatilia. Vituo vya kundi moja vililipwa kwa hesabu ya huduma, vya kundi la pili vikapata kiasi kile kile bila kuhesabiwa. Waliohesabiwa walihangaika kweli, walishusha bei, walihamasisha watu. Wagonjwa hawakuongezeka. Mapato ya kituo yakapungua, maana bei zimeshushwa na watu ni wale wale.

Sisemi FBP ni mbaya. Nasema ukishafunga pesa kwenye namba, namba inaanza kufanya kazi ya pesa. Ile partogramu ya wino mmoja imeandikwa na primu.

---

Mhakiki_Mstaafu

Hapo sikatai. Na primu yenyewe ikichelewa miezi, kama tunavyojua inavyochelewa, unabaki na uongo bila hata pesa.

---

Mwana_wa_Kilombero

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika kutoka Ifakara, Tanzania. Huwa nasoma nyuzi zenu za Lubumbashi kimyakimya, leo imenigusa nyumbani.

Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, kabla haijasambaa ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara hii ya mpunga na mafuriko. Ina vipengele 19, inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu, na kabla hajatoka chumbani. Jina lake ni nani, tunapasua nini, upande upi, antibayotiki amepata, damu ipo, pamba na vyuma vimehesabiwa. Matokeo yalitoka 2009: ukizijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa 100, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7 kwa 100. Ni karatasi tu, jamani.

Huku kwetu serikali pia ilianza kuvipa vituo nyota tangu 2015, kuanzia sifuri mpaka tano, lengo kila kituo kifike tatu. Awamu ya kwanza ilikuwa aibu, vituo vingi mno viliangukia sifuri na moja. Ila kila kituo kiliachiwa mpango wa maboresho, siyo alama tupu, na awamu iliyofuata hali ilikuwa imesogea. Kabla ya hapo kuna ile mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, iliyoanzia kwetu hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tuliicheka sana kazini, tukiita mafunzo ya kupanga kabati. Lakini mtu akizimia wodini unajua dawa ya dharura iko droo ya ngapi bila kumuuliza mwenye zamu ya jana. Siyo kitu kidogo.

---

Docta_wa_Rufaa

@Mwana_wa_Kilombero karibu sana. Hiyo karatasi naipenda, na niongeze upande wake wa pili. Jimbo la Ontario, Canada, liliilazimisha kwa hospitali zote. Mwaka 2014 wakachapisha hesabu ya hospitali 101: vifo kabla na baada, tofauti haikuwa na uzito wowote. Na hospitali karibu zote ziliripoti kwamba zinaijaza karibu asilimia 100.

Karatasi ile ile. Tofauti naiona kwenye neno moja ulilolitaja, "kwa sauti". Nimeshaona kwetu ikijazwa na mtu mmoja kwenye kona, mgonjwa ameshashonwa, wengine wanavua glavu.

---

Papa_Njanja

Mnasema vizuri wasomi. Mimi nauliza swali la mtu mzima. SNEL inakata umeme usiku kucha, jenereta haina mazutu, Regideso inaleta matone ya maji, muuguzi hana mshahara wa kueleweka, wengine hata matrikili, namba ya mtumishi wa serikali, hawana. Katika hali hiyo mnataka kupima nini? Leteni kwanza umeme, maji na mshahara. Kupima maskini hakumtajirishi.

---

Kitabu_Wazi

Papa, tunakuelewa. Lakini kuna hesabu ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya 2018 ambayo iliniondolea usingizi. Katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kila mwaka watu milioni 8.6 wanakufa kwa magonjwa ambayo hospitali ingeyaweza. Milioni 3.6 kati yao hawakuipata huduma. Milioni 5 walifika, wakapokelewa, wakafa kwa sababu walichopewa kilikuwa kibovu. Kungoja majengo hakutawasaidia wale waliokwisha ingia ndani.

---

Zamu_ya_Usiku

Papa @Papa_Njanja, nakujibu kwa heshima, na nakujibu kwa friji, kwa sababu umetaja SNEL.

Oksitosini inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika usiku, friji inapanda, asubuhi inashuka, chupa kwa macho ni ile ile. Nikimpa mama dawa iliyopikwa na damu isikome, nitasema mama "alikuwa na bahati mbaya". Kwa hiyo kipimajoto cha friji na daftari la kuandika nyuzi asubuhi na jioni ni kipimo cha ubora, tena cha bei ndogo. Hakileti umeme. Kinaniambia chupa zipi nisizitegemee, na kinampa mkurugenzi karatasi ya kwenda nayo DPS, idara ya afya ya jimbo, badala ya malalamiko ya mdomo. Ipo pia dawa nyingine, kabetosini inayostahimili joto. Ilijaribiwa kwa akina mama karibu 30,000 katika nchi kumi, matokeo yalitoka 2018, na katika kuzuia mama asivuje mililita 500 au zaidi haikubaki nyuma ya oksitosini. Hiyo ni ya kuzuia, ya kutibu aliyekwisha anza kuvuja ni habari nyingine. Lakini nani ataomba inunuliwe kama hakuna aliyeandika friji yetu inafika nyuzi ngapi?

Wengine wameniuliza faraghani nafanyaje na plastiki za E-MOTIVE hazipo kwetu. Mizani. Ile ya kupimia watoto inatosha, au ya dukani. Pima kikwembe na pedi zikiwa kavu, andika. Baada ya kuzaa pima tena, toa uzito wa kavu. Gramu moja ya damu ni karibu mililita moja. Maji ya uzazi yanaharibu hesabu, kwa hiyo badilisha nguo mara tu mtoto anapotoka, kabla damu haijaanza. Haifikii plastiki, kwa sababu plastiki unaiona ikijaa mbele yako na mizani inangoja wewe uende. Ndiyo maana saa ya kwanza inabidi upite kila dakika 15, tumbo, damu, presha, mapigo. Na mizani iwe chumba kile kile, sio ofisini kwa majo, muuguzi mkuu.

Dakika za mlangoni ni rahisi zaidi. Saa ya ukutani mlangoni, saa ya ukutani sale ya kuzalia, zilinganishwe kila asubuhi (msicheke, za kwetu zilikuwa zinapishana vibaya). Mlinzi wa geti anaandika saa kwenye kipande cha karatasi, mama anaingia nacho. Mkunga anapomgusa mara ya kwanza anaandika saa chini yake. Basi. Hakuna kompyuta. Usipime wote, utachoka na utaanza kubuni. Chagua wa kwanza watano wa kila zamu ya usiku.

Halafu zichoreni. Karatasi ya miraba, kila wiki nukta moja, dakika za katikati za wiki hiyo (zipange toka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati). Piga mstari wa katikati, nusu ya nukta juu nusu chini. Wiki moja ikipanda usimpigie mtu kelele, wiki moja ikishuka usinunue soda. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari ndipo unasema kuna kitu kimebadilika, na unatafuta ni kitu gani. Vikao vingi ninavyovijua vinalinganisha mwezi huu na uliopita, nukta mbili, na hapo hapo mtu anapewa barua ya maelezo.

---

Papa_Njanja

Friji nimeielewa. Mshahara bado sijajibiwa.

---

Zamu_ya_Usiku

Mshahara hata mimi naungoja, papa.

---

Anfirmie_Mupya

Niko mwaka wa kwanza kazini. Yaya, nikiandika kwamba mama alifika saa nane usiku na docta alimuona saa kumi na moja, asubuhi docta anasoma. Unajua kitakachofuata. Kwetu alikufa mama, kikao kikaitwa cha "kuchunguza", swali la kwanza lilikuwa: nani alikuwa zamu? Toka siku hiyo kila mtu anaandika saa zinazomlinda.

---

Docta_wa_Rufaa

@Anfirmie_Mupya umegusa penyewe, na kama daktari nalazimika kujibu.

Kikao cha kuchunguza kifo cha mama kina utaratibu wake, na utaratibu ni kwamba majina yanatoka nje ya chumba. Unafuata njia ya mama: nyumbani alichelewa kwa nini, barabarani kwa nini, kwetu alingoja nini. Tukikuta docta alifika saa tatu baadaye, swali ni aliitwaje. Simu ya zamu haina krediti? Analala upande wa pili wa mji kwa sababu hakuna chumba cha zamu? Alikuwa peke yake chumba cha upasuaji? Mara nyingi ni mambo ya aina hiyo. Na mara chache ni uzembe, ndiyo, basi huo upelekwe inspeksheni kwa mlango mwingine, sio kwenye kikao kile.

Kuna daktari wa Boston, Ernest Codman, aliyetaka hospitali zifuate kila mgonjwa hata baada ya mwaka, ziandike kama amepona na kama hakupona kwa nini. Wenzake hawakutaka. Akafungua hospitali yake ndogo. Kati ya 1911 na 1916 ilitibu wagonjwa 337, na akachapisha mwenyewe makosa 123 yaliyotendeka humo. Hospitali yake haikudumu na marafiki walimpungukia. Kwa hiyo sikuahidi kwamba ukiandika ukweli watakupenda. Nachokuomba ni hiki: msianze na jina la mtu kwenye karatasi ya dakika. Saa mbili tu, ya mlangoni na ya kuguswa, bila sahihi. Miezi ya kwanza karatasi zibaki maternite, zisiende kwa mkurugenzi wala kwa wakaguzi, na zisiguse primu ya mtu. Timu ikishazoea kuona namba zake yenyewe, woga unapungua.

---

Mhakiki_Mstaafu

Zisiguse primu, nakubali, na nasema hivyo mimi niliyezisaini primu. Lakini baadaye lazima mtu wa nje aone. Timu inayojipima yenyewe milele inaanza kujihurumia. CODESA wapo, wawakilishi wa wananchi kwenye mambo ya afya, hata kama kwingi wamelala. Waamsheni, mbandike ile chati ukutani mahali ambapo ndugu wa wagonjwa wanapita.

---

Mutoto_wa_Katuba

Nilisoma yote, hata bya Boston. Mulisema damu, dakika, friji, saa. Sasa benye banafungwa juu ya faktire, nani anabahesabu? Ao hii haiko kazi ya ubora?

---

Zamu_ya_Usiku

@Mutoto_wa_Katuba, iko kazi ya ubora, na umeniongezea kipimo cha tatu wakati nilijiwekea viwili tu.

Nimewaza hivi. Kila asubuhi mkuu wa wauguzi anasoma ripoti ya usiku: waliolala wangapi, walioingia, waliotoka, waliokufa. Aliyezuiwa yuko humo ndani ya "waliolala", anaonekana ni mgonjwa. Tuongeze safu moja: wameruhusiwa na daktari, wangali ndani. Isomwe kwa sauti kila asubuhi mbele ya mhasibu, maana yeye kikao kile huwa anahudhuria. Sio kwamba deni litafutika. Lakini yule mama anayelala kuluwari na mtoto wa siku chache anaweza kuambukizwa humo humo. Katika nchi kama zetu, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya 2022, wagonjwa 15 kwa 100 wanaolazwa wanaupata angalau ugonjwa mmoja hospitalini. Na sisi tunamuongezea siku za kuupata, kisha tunamtibu, kisha tunaongeza kwenye faktire.

---

Mutoto_wa_Katuba

Andika na shiku ngapi. Muntu wa shiku mbili na muntu wa mwezi moja habako sawa.

---

Docta_wa_Rufaa

Na kiasi cha deni. Nashuku wengi wanazuiwa kwa pesa ndogo kuliko gharama ya kitanda wanachokalia. Tukiwa na namba tutajua kama nashuku vibaya.

---

Zamu_ya_Usiku

Siku, na deni. Safu mbili basi. Mkuu wa wauguzi namuona Jumatatu baada ya ripoti. Mizani tunayo, plastiki naendelea kuulizia, mwenye kujua inapouzwa upande wa Zambia anitumie ujumbe. Mkuu akikataa zile safu nitaandika hapa sababu alizotoa, bila jina.